Alama kwenye Kucha ya Gumba

Kamachumu,
14 Januari 2024

Mwanangu Koku,

Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa masikio, ambayo tumekwisha kuyazoea. Simu uliyonitumia ipo. Jirani yangu Genoveva anasema inalia vizuri sana; mimi naiona tu ikitetemeka mezani kama mende aliyelala chali. Kwa hiyo tuendelee na barua. Nawapa watu wa basi, nawe uichukue wanakopokelea mizigo, kama desturi yetu. Nimefundisha watoto wa watu kuandika barua miaka thelathini na miwili. Si vibaya nikizifaidi uzeeni.

Kahawa imetoa kiasi. Migomba iliyo karibu na kaburi la baba yako Projestus imezaa mikungu mikubwa kuliko yote, na nimemwambia kwamba hata akiwa chini anapenda sifa. Mwambie mumeo Edgar nimepata miwani, inanifaa. Mjukuu wangu Clara asome.

Tangu Krismasi tumezika mara mbili. Misibani siku hizi napewa kiti. Unakumbuka nilivyokuwa wa kwanza kwenye duara la kumenya ndizi, nawe nikakuketisha ubavuni na kisu chako kidogo? Sasa nikifika tu, Genoveva ananiwahi kwa ishara ya mkono: Mwalimu, kiti chako kile pale. Nadhani ni heshima ya uzee. Nakaa.

Kuna jambo dogo, karibu nilisahau. Kucha tatu za mkono wangu wa kulia, na gumba hasa, zimekuwa nene na za manjano, zinamong'onyoka kama udongo wa kichuguu. Haziumi. Nasikia wewe huko ndiyo kazi yako, dawa za kupaka za fangasi. Kama kuna kopo lililozidi, lisitupwe.

Ni mimi,
Shangazi yako Auleria


Segerea, Dar es Salaam,
11 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwenye ofisi ya basi siku tisa kabla sijapata nafasi ya kuifuata, na kwa hilo naomba radhi. Sisi hatujambo. Edgar bado anafundisha Chanika. Anatoka kabla hatujaamka na kurudi akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Clara ameingia kidato cha pili na ametangaza kwamba hatasomea dawa, kwa sababu ameona inavyomfanya mtu. Sikumuuliza amaanisha nini.

Umenitajia kazi yangu, basi nikueleze kidogo, nikijua kwamba mwalimu hapendi kuelezwa nusunusu. Kucha imeumbwa kuzuia vitu visiingie. Ni kama bati: mvua ya dawa inanyesha juu yake na kuteremka, wakati fangasi wamejikalia chini, pakavu. Kwa miaka minne tumekuwa tukitafuta marhamu itakayoilainisha kucha ili dawa ipite, na ambayo haitajitenga mafuta na maji ndani ya nyumba za bati za mji huu. Nimepoteza marhamu kumi na saba kwa sababu ya joto peke yake. Ya kumi na nane imestahimili.

Sasa tunaijaribu Temeke, kwa watu sitini ambao mikono yao haikauki: mama lishe, wafua nguo, waosha samaki. Nusu wamepewa makopo yenye dawa, nusu makopo ya marhamu tupu. Hakuna anayejua lake ni lipi, hata mimi. Orodha ya namba za makopo anayo mfamasia mmoja, imefungiwa. Ndivyo tunavyojikinga na tamaa zetu wenyewe. Kwa kila mmoja tunakuna kwa tupa mstari mwembamba kwenye kucha, pale inapoanzia ngozi. Kucha ikikua, mstari unasogea mbele, na nyuma yake tunaona kama kinachoota ni kizima au kibovu. Ni kalenda isiyodanganya, au ndivyo ninavyowaambia wanafunzi.

Dawa hii haijaruhusiwa kutoka nje ya utafiti. Ningependa uende hospitali Bukoba, wakutazame. Zipo dawa zilizokwisha kuthibitishwa.

Nimekutumia kopo moja, pamoja na tupa ndogo. Paka asubuhi na jioni, ukaushe mikono kila mara. Nawe ukune mstari kwenye kucha ya gumba lako.

Kopo lako halina namba. Usijali hilo.

Wako,
Felicitas Kokusima


Kamachumu,
7 Aprili 2024

Mwanangu Koku,

Pasaka ilikuwa njema, mvua ilikuwa nyingi, na paa la jikoni limenifundisha kuweka sufuria mahali ambapo sikuwahi kuziweka. Tumshukuru Mungu kwa yote.

Dawa yako ni dawa! Kucha zimepona, zote tatu. Ni za waridi na zinang'aa, kama za bibi harusi. Jumapili ya Pasaka, baada ya misa, Genoveva aliushika mkono wangu akaugeuza huku na huku kama anayenunua kuku. Nikamwandikia kwenye kile kidaftari chetu cha kuzungumzia: "Ni mwanangu aliyetengeneza." Akaandika chini yake: "Hongera." Herufi zake bado ni mbaya, nilimfundisha mimi.

Hata padri ameuliza. Nimemwambia Dar es Salaam wako wanaoenda kutafuta, na wako wanaoenda kuleta.

Mstari ule uliosema niukune, niliukuna. Siuoni tena. Nadhani dawa imeula.

Baba yako angefurahi. Usijichoshe sana.

Shangazi yako,
Auleria


Segerea,
19 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii imechelewa, na najua ulitazamia furaha ndani yake. Clara alikuwa na malaria, amepona. Edgar anakusalimu. Maji yamerudi kutoka mara mbili kwa wiki, basi tunaishi kwa ndoo, na mimi ninayewaambia watu wanawe na wakaushe mikono huwa najisikia nikiongea lugha ya nchi nyingine.

Nifike kwenye jambo. Mwezi uliopita tulipokea majibu ya maabara ya miezi mitatu ya kwanza. Kati ya washiriki sitini, hamsini na watatu hawakuonekana na fangasi wowote. Daktari Elibariki, mkuu wa mradi wetu, aliagiza soda kwa ofisi nzima. Nami nilikunywa yangu. Lakini nilipoketi na karatasi zile, hesabu ilinikataa. Nusu ya watu hawa wana makopo yasiyo na dawa. Inakuwaje karibu wote wapone? Tena katika miezi mitatu, wakati kucha ya mkono huhitaji karibu sita kukua kutoka mwanzo hadi ncha? Na mistari yetu ya tupa, ile kalenda, ilikuwa imepotea kwa watu arobaini na mmoja.

Nilijiambia huenda sikuielewa kazi yangu mwenyewe. Hilo hunitokea.

Kisha mmoja wa washiriki, anaitwa Chausiku, mama lishe, aliisahau kadi yake kliniki. Siku tatu baadaye nikampelekea. Alikuwa anaosha mchele. Aliponiona aliificha mikono chini ya khanga kwa haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Daktari! Leo si siku yangu. Au mie ndo nimepotea tarehe?"

"Hujapotea, mama. Nimeleta kadi yako."

"Sasa si ungesema unakuja? Unanikuta hivihivi!"

Nikamwomba nione mikono. Akasitasita. "Leo sijaziandaa."

"Unaziandaaje?"

Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Jamani, daktari huyu! Wewe ukienda ukweni unaendaga na miguu ya vumbi? Siku moja kabla ya kliniki nakwangua na wembe, napiga tupa, naloweka kwenye maji ya ndimu na dawa ya madoa. Zinatakata kama sahani. Sie wote tunafanyaga hivyo. Mwishehe ndo kiboko, yeye anaendaga kabisa saluni, wanamsugua na kimashine. Anasema hawezi kumwonyesha msomi uchafu."

"Lakini mimi nataka kuuona huo uchafu, mama Chausiku."

"Ndo maneno ya kiungwana hayo. Na mama mkwe naye anakwambiaga usijisumbue." Akanitolea mikono. Kucha zilikuwa za manjano chini ya ule ung'avu uliobaki, na zimeanza kutoa unga. Siku tatu tu, Shangazi. "Usije ukaaibika mbele ya bosi wako," akanambia, na hakuwa na mzaha tena. "Unavyotuhangaikia, tukuletee mikono ya namna hii?"

Niliwauliza washiriki wengine tisa. Sita walikiri, watatu walicheka tu. Lakini nami najiuliza: labda hao sita walikiri kwa sababu waliona ndilo ninalotaka kusikia. Watu walionipa kucha safi ili nifurahi wanashindwaje kunipa na maungamo?

Sasa nakuuliza, kwa heshima yote niliyo nayo. Ule mstari kwenye gumba. Ni dawa kweli iliyoula?

Wako,
Felicitas


Segerea,
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Watu wa basi wanasema hakuna bahasha yoyote kutoka kwako, na nimempigia Genoveva, akasema uko hai, unakula, na kwamba "Mwalimu haandiki siku hizi." Sikuthubutu kuuliza kwa nini. Nilisikia kwamba amempoteza mumewe mwezi Mei, nikampa pole; aliipokea kwa ufupi.

Ninaandika kwa sababu tarehe 31 Julai natakiwa kuisaini ripoti ya mradi, na kuna jambo ambalo sikukuambia.

Nilipeleka mashaka yangu kwa Daktari Elibariki. Si mtu mbaya. Ameitafuta dawa hii tangu nilipokuwa mwanafunzi wake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Felicitas," akasema, "hamsini na watatu kati ya sitini. Unajua nimeisubiri namba hiyo miaka mingapi?"

"Nusu yao wana makopo tupu, daktari."

"Labda marhamu yenyewe inatibu, hata bila dawa. Hilo umelifikiria?"

"Na mistari?"

"Wanasugua masufuria kutwa nzima. Mstari gani utabaki? Una maneno ya watu saba na vicheko vitatu. Mimi nina majibu ya maabara." Kisha akasema taratibu, kwa uchovu unaofanana na wangu: "Tukiandika kwamba hatujui, mradi unafungwa. Unataka kumzika mtoto anayepumua?"

Nilirudi mezani kwangu na hoja yake, ambayo haikuwa ya kijinga. Kama marhamu tupu inatibu, basi namba zetu ni za kweli na mimi ndiye mwenye makosa. Na hapo nikakukumbuka wewe.

Shangazi, kopo nililokutumia halikuwa na dawa. Lilikuwa marhamu tupu. Lilitoka kwenye makopo ya majaribio ya joto, ambayo tunayaweka miezi mitatu kwenye kabati lenye joto la nyuzi arobaini ili tuone kama yatajitenga. Sheria ilinikataza kukupa dawa, na mimi nilishindwa kukukatalia wewe, uliyenilea tangu baba alipofariki. Basi nikatafuta njia ya katikati, na njia ya katikati ikawa kukudanganya. Nilijiambia halina madhara, litalainisha ngozi, utaridhika, utakwenda hospitali baadaye. Nilijua ninachofanya. Hata nilikuandikia: kopo halina namba, usijali.

Kwa hiyo barua yako ya Aprili ni kitu cha ajabu mikononi mwangu. Ama umeponywa na kopo tupu, na Elibariki yuko sahihi, na washiriki wangu wamepona. Ama hukupona. Sitaiweka barua yako kwenye ripoti. Mtu mmoja si ushahidi, na ndugu si ushahidi hata kidogo. Lakini ndiyo itakayoamua kama mkono wangu utasaini.

Nilipaswa kukuambia Februari. Sijisamehe kwa niaba yako.

Felicitas


Kamachumu,
18 Julai 2024

Felicitas,

Nimeanza na jina lako la shule ili ujue kwamba nimekasirika. Nimekasirika siku tano, tangu bahasha yako ilipofika, na sasa nimechoka nako.

Sikuandika kwa sababu gumba langu la kulia lilikuwa limefungwa bendeji, na mkono wangu wa kushoto hauna adabu. Sasa nikueleze lilivyofungwa.

Sikupona. Kopo lako lilikuwa na harufu nzuri, nikalipaka asubuhi na jioni kama ulivyoagiza, na kucha zikaendelea kuwa kama kichuguu. Juma Takatifu nilichukua wembe nikazikwangua mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, nikazisugua kwa ile tupa yako uliyoniletea ya kukunia mstari, nikapaka mafuta ya nazi. Mstari uliondoka hapo. Hakuna kilichoula.

Sasa utaniuliza kwa nini. Kile kiti, Koku. Si heshima ya uzee. Mwaka jana, katika msiba mmoja, mwanamke alinong'ona kwamba ndizi zilizomenywa na mkono ule yeye hali. Sikusikia, bila shaka. Niliona midomo, na niliona macho ya wenzake yakishuka kwenye vidole vyangu. Tangu hapo, kiti. Katika kijiji hiki mwanamke anayekaa kitini wenzake wakimenya ni mgeni, au ni mgonjwa, au ni marehemu ambaye hajaambiwa. Kwa hiyo nilitaka Genoveva aushike mkono wangu mbele ya watu na augeuze. Alifanya hivyo. Na wewe, je, ulitaka nikuandikie kwamba dawa yako, miaka yako minne, imeshindwa kwa kikongwe wa Kamachumu? Mtoto akikuletea dawa, unamwambia haifai?

Basi mume wa Genoveva akafa, mwezi Mei. Nikaenda, nikapita kile kiti, nikaketi kwenye duara. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nimezikwangua tena asubuhi ile. Nikamenya mkungu wa kwanza, nikamenya wa pili, nami nikajisikia mtu. Katika wa tatu kisu kilisukuma kidogo tu, na kucha ya gumba, nyembamba ilivyokuwa, ikapasuka hadi nyamani. Damu ikaingia kwenye beseni. Genoveva, mjane wa siku mbili, alinyanyuka mwenyewe akalibeba beseni zima, akalimwaga kwa mbuzi, akarudi akaketi. Nikaenda kukaa kitini.

Hayo ndiyo majibu yako. Ulinipa kopo tupu, nami nikakupa habari tupu, nadhani tumetoshana. Hao watu wako wa Temeke usiwakasirikie. Wamekufanyia kile nilichokufanyia mimi, na mimi nakupenda.

Barua hii anakuja nayo mwalimu mwenzangu anayesafiri kesho, ili isilale kwenye ofisi za mabasi. Saini unachokijua.

Auleria


Segerea,
11 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama getini, kabla ya kumlipa hata shukrani yule mwalimu aliyeileta. Edgar ndiye aliyemkaribisha ndani. Kwa hilo pia niombee radhi.

Nimesaini. Niliandika kwamba matokeo hayawezi kutumika, kwa sababu kucha tulizozipima zilikuwa zimeandaliwa kwa ajili yetu, na kwamba kosa ni letu: tulitangaza siku za kliniki, tukawaalika watu kama wageni, kisha tukashangaa walipokuja na mikono ya ugenini. Nimependekeza kuanza upya, tukiwafuata walipo bila kutoa taarifa, kwa idhini yao, na kuwaeleza kwanza kwamba kucha mbaya si aibu kwetu bali ndiyo kazi yenyewe. Daktari Elibariki aliisoma mbele yangu, akaivua miwani, akasema, "Haya." Tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Mradi umesimamishwa. Hakuna aliyesema umekufa, na hakuna aliyesema utaamka.

Ulitegemea labda nikuambie kwamba moyo wangu umetulia. Haujatulia. Huenda dawa ile inafanya kazi, na mimi, kwa ajili ya usafi wa hoja, nimewanyima watu kitu ambacho kingewafaa. Huenda kulikuwa na namna ya kuziokoa baadhi ya zile sampuli. Ninayarudia mahesabu na kila mara nafika palepale, lakini najua kwamba mtu huweza kufika palepale kwa sababu ndiyo njia pekee anayoijua.

Nilirudi kwa Chausiku kumwambia. Nilidhani atakasirika. Aliikoroga sufuria yake, kisha akasema, "Kwa hiyo miezi yote ile tulikuwa tunakuharibia?" Nikamwambia hapana, ni sisi tuliokosa kuuliza. Akasema, "Basi ukija tena njoo bila hodi. Ila na mie nikija kwako nisikute umefagia." Nilicheka, Shangazi, mara ya kwanza tangu Aprili.

Kuhusu mkono wako: nimezungumza na daktari wa ngozi aliye Bukoba. Anakungoja Alhamisi yoyote. Atapima damu kwanza, kisha huenda akakupa vidonge. Ni dawa halali, ya zamani, si yangu. Usikwangue chochote kabla ya kwenda. Nenda nazo kama zilivyo.

Sina la kukutumia safari hii. Nimeona ni afadhali bahasha iwe nyepesi.

Koku wako


Kamachumu,
3 Novemba 2024

Mwanangu Koku,

Mvua za vuli zimeanza na fundi ameliziba paa la jikoni, kwa hiyo masufuria yamerudi kazini kwake. Kahawa inachanua. Mwambie Clara kwamba hata mimi sikutaka kuwa mwalimu. Nilitaka kuwa mtawa, nikaona chakula chao.

Nilikwenda Bukoba. Daktari wako ni mdogo kuliko viatu vyangu. Nilipomwonyesha mkono aliinama akautazama kwa furaha kama anayesoma barua, na nikaelewa ulichokuwa unajaribu kuwaambia watu wa Temeke. Alichukua unga wa kucha, akapima damu, akanipa vidonge vya wiki sita. Nimevimaliza. Kucha bado ni mbaya. Amesema zitakuwa mbaya kwa muda mrefu, kwa sababu kibovu hakiponi, kinasukumwa tu na kizima kinachokuja nyuma yake. Anasema pia huenda visifanye kazi. Nilimpenda kwa hilo.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na msiba, bibi mmoja wa ng'ambo ya mto. Nilikwenda na mkono wangu kama ulivyo, sikuupaka hata mafuta. Genoveva akaninyooshea kiti. Nikakaa, safari hii sikujitia kutojua kwa nini. Wakamenya. Mimi nikawa naokota maganda yaliyokuwa yakianguka karibu na miguu yangu, kwa mkono wa kushoto, maana mtu hawezi kukaa bure.

Walipomaliza, Genoveva alikuja akaketi chini kando ya kiti changu. Kisha akavua viatu vyake, vile vyeusi vya kanisani, ambavyo sijawahi kumwona bila navyo, hata msibani kwake mwenyewe. Akaniwekea miguu yote miwili mbele. Koku, kucha kumi! Gumba zima la kulia lilikuwa kama pembe ya mbuzi. Akauchukua ule mkono wangu akauweka juu ya mguu wake, na kama alisema kitu sikusikia. Nikatoa kidaftari nikamwandikia: "Usizikwangue. Mwanangu huenda akataka kuziona." Akaandika chini yake: "Tangu mwaka gani mimi ni wa kuonyeshwa?" Lakini hakuvivaa viatu mara moja.

Sasa kazi yako. Tarehe 15 Agosti, siku niliyotoka hospitali, niliikuna tena kucha ya gumba kwa tupa yako, pale inapoanzia ngozi, hapo kando ya kovu la kisu. Leo nimeliweka gumba hapa chini nikalizungushia kalamu, na nimechora mstari ulipokuwa na mstari ulipo. Nimepima mara tatu kwa rula yangu ya darasani. Milimita sita. Nyuma yake kuna rangi ambayo sitaki kuitaja bado, nawe usiitaje.

Sijaigusa na wembe. Ipime mwenyewe.

Shangazi yako,
Auleria